Jina la Mkwe

Kama kuna mtu Kwihara aliyejua kutafuta kazi, basi ni Nyamizi. Kuipata ndiko kulikomshinda. Tangu mume wake afariki na mashemeji wagawane shamba la tumbaku kana kwamba yeye alikuwa mpita njia aliyesimama kuomba maji, alikuwa amebisha hodi kwenye kila geti lenye mlinzi kati ya kijiji hicho na Tabora mjini. Alikwenda kwenye maghala, akaenda kwenye nyumba za wageni kuomba kufua mashuka, akaenda hata pale tembe la Livingstone, ile nyumba ya makumbusho, kuuliza kama hawahitaji mtu wa kufagia ua. Kote walimtazama mguu wake wa kulia uliokuwa mfupi tangu utotoni, wakauliza umri, wakauliza cheti, kisha wakamwambia kwa adabu kwamba watampigia simu. Simu yenyewe hakuwa nayo, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza namba.

Ndipo ukaja mpango wa manispaa na kiwanda cha asali. Halmashauri ilikuwa inawatafuta watu waliohangaika muda mrefu bila kupata ajira, wale ambao kila mwajiri huwaruka kwenye foleni, ikawalipia nauli na mafunzo kwa miezi mitatu. Kiwanda nacho kiliwapa nafasi, makoti meupe, kofia za wavu na msimamizi wa kuwafundisha. Atakayeiweza kazi angepewa mkataba. Kwenye kundi la Nyamizi alikuwemo kijana aliyetoka gerezani, dada mmoja asiyesikia, na Demetria kutoka Ulyankulu, binti wa wazazi wa Kirundi, mwenye kucheka kwa sauti na kulia upesi vilevile.

Aliyewakusanya wote hao ni Bi Shamila, afisa maendeleo ya jamii, mzaliwa wa mjini, mwanamke mwenye haraka aliyevaa helmeti juu ya hijabu na kupita vijijini kwa pikipiki ya ofisi. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulitania. Ndugu wa mfanyakazi wa kiwanda haingii kwenye mpango. Alishawahi kuona kwingineko nafasi za wanyonge zikiishia kwa wapwa wa wakubwa, na jambo hilo lilikuwa bado linamchoma. Alipomuuliza Nyamizi kama ana ndugu kiwandani, Nyamizi alisema hana, na alisema kweli. Alijua kwamba mume wa binti yake Recheli alikuwa anashughulika na mambo ya asali huko Kigwa, akinunua kwa warina, wavunaji wa mizinga. Lakini mama mkwe aliyelelewa vizuri hachunguzi mkwe wake ameajiriwa na nani, na asali Tabora ni nyingi.

Walimpeleka chumba cha kujazia. Asali iliyochujwa ilishuka kwenye bomba, Demetria akajaza chupa, Nyamizi akafunga vifuniko, dada asiyesikia akabandika lebo. Nyamizi aliipenda kazi ile kuliko alivyotegemea. Aliipenda harufu ya maua ya miyombo, alikipenda kiti ambacho akishakikalia mguu wake haukuwa tena na la kusema, na zaidi ya yote alipenda kuitwa jina asubuhi na kuitika. Jioni alirudi Kwihara akijisemesha njiani. Mtu akimuuliza hali alisema nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa anadanganya.

Hata kabla hajaizoea raha hiyo, msimamizi wao alimfuata mumewe Dodoma, na kiwanda kikaleta mwingine kutoka kituo chake cha kununulia asali. Meneja, Bwana Eustace, Mhaya mpole anayepanga maneno kabla ya kuyatoa, alimwingiza chumbani asubuhi moja ili wafahamiane. Nyamizi aliona viatu kwanza, kisha koti jeupe, kisha uso. Alikuwa ni Leodgar, mume wa Recheli.

Hapa inabidi tuelewane. Kwa watu wa Nyamizi, mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wanaoheshimiana mpaka hawaonani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na jina hulitaji kabisa, awepo asiwepo. Marehemu mama yake Nyamizi alikuwa akisema kwamba mwanamke anayetaja jina la mkwe wake amemvua nguo sokoni. Siku hizi wapo wanaoona mambo hayo ni ya kizamani, na hata pale Kwihara wapo wakwe wanaopigiana simu na kutaniana kama wanafunzi. Nyamizi hakuwa mmoja wao, na Leodgar pia. Tangu ile harusi ya Kikatoliki iliyowanunisha kidogo Wamoravian wa upande wa bibi harusi, mtu na mama mkwe wake hawakuwahi kusemezana hata neno moja, na kwa mtindo huo walipendana sana. Yeye alimletea nyama wakati wa Krismasi, mama akampelekea karanga wakati wa mavuno. Vyote vilipitia mikononi mwa Recheli.

Kwa hiyo siku ile Nyamizi alishuka kitini na kujificha nyuma ya pipa la asali mpaka utambulisho ulipokwisha. Leodgar naye aligeukia ukuta na kuwahutubia wafanyakazi wake wapya akiwa amewapa kisogo. Demetria alidhani macho yake hayapendi mwanga.

Jioni Recheli alifika Kwihara, mtoto mgongoni, amebeba ujumbe. Mume wake alisema mama asiache kazi. Alisema akienda kumweleza meneja kwamba ni mkwe wake, atakayetolewa ni mama, maana sharti la Bi Shamila halina mlango wa nyuma, na kazi yenyewe mama ameihangaikia miaka. Yeye atanyamaza, na anamwomba mama anyamaze. Nyamizi alipekecha kona ya khanga yake. Halikuwa jambo zuri sana, alilijua hilo, na kulala nalo hakukumpendeza. Lakini alikumbuka mageti yote yale. Alimwambia Recheli amjibu kwamba amesikia.

Yaliyofuata yangechekesha kama yasingeishia pabaya. Nyamizi alijifunza mlio wa viatu vya mkwe wake. Leodgar akiingia kwa mlango wa mbele, yeye alishatoka kwa mlango wa nyuma, na mguu ule uliowatisha waajiri wote wa Tabora ukawa unakimbia kuliko wa mtu yeyote pale kiwandani. Akishindwa kutoka, aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Wakati wa chakula, wenzake walipokaa bandani pamoja na msimamizi, yeye alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya ghala, katikati ya mapipa matupu. Leodgar naye alipokagua kazi alikagua meza zote, akiifikia ya Nyamizi anairuka. Wengine aliwaambia vizuri au rudia. Akitaka kitu kwa Nyamizi alimwambia Demetria, mwambie mwenzako. Miezi mitatu ilikuwa inaelekea ukingoni, na Nyamizi ndiye pekee ambaye hakujua kama kazi yake inafaa au haifai. Jambo hilo lilimsumbua kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Demetria aliyaona hayo yote na akayaelewa kwa namna yake. Alikulia kwenye mashamba ya tumbaku, akifanya vibarua kwa watu, na alishamjua bosi wa aina hiyo, yule ambaye hakusemeshi mbele ya watu kwa sababu ya anayokufanyia wasipokuwepo. Alimpenda Nyamizi. Walikuwa wanagawana muhogo wa asubuhi, na Nyamizi alikuwa akimsuka nywele siku za Jumapili. Basi Bi Shamila alipokuja kuwatembelea, Demetria alimvuta pembeni, akamwambia kwa machozi kwamba mama yule anateseka.

Bi Shamila hakupoteza muda. Alimchukua Nyamizi mpaka kwenye kivuli cha tangi la maji, akamsalimu, akaitikiwa, kisha akamuuliza waziwazi msimamizi amemfanyia nini.

"Hajanifanyia kitu, mwanangu."

"Mbona unamkimbia?"

Nyamizi alitazama chini. Angesema nini? Akisema namheshimu, angeulizwa kwa nini. Angeweza kumwita Baba Mhoja, kwa jina la mjukuu wake, maana hilo ndilo jina pekee aliloruhusiwa, lakini hilo lingefichua kila kitu.

"Basi nitajie jina lake tu," alisema Bi Shamila kwa upole. "Nitaanzia hapo."

Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga. Ulimi haukuwahi kulibeba jina hilo hata akiwa peke yake jikoni. Bi Shamila aliona mwanamke mtu mzima ambaye hawezi hata kutamka jina la mwanaume mmoja kwa hofu, na mimi simlaumu. Yeyote kati yetu angeona hivyohivyo. Alimshika Nyamizi mkono na machozi yakamlengalenga, kisha akavaa helmeti yake akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Bwana Eustace alimwita Leodgar na kumuuliza kuna nini kati yake na Nyamizi. Leodgar alijibu kwamba habari za mama yule hawezi kuzizungumza. Alisema hivyo kwa heshima kubwa, na hapakuwa na jibu jingine ambalo lingemchafua zaidi. Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, kikao kikapangwa Ijumaa. Bi Shamila alisema wazi kwamba ikithibitika, halmashauri itawaondoa watu wake wote kiwandani na ushirikiano utakufa. Habari zilizagaa. Kijana aliyetoka gerezani alianza kuuliza kama kuna mtu anajua pengine pa kwenda.

Recheli alifika Kwihara na macho mekundu. Alimkuta mama yake anapepeta mchele ambao hakuwa na nia ya kuupika.

"Anasema usiseme," alimwambia. "Anasema yeye ni mwanaume, atapata kibarua kingine. Wewe ukisema, umeondoka."

"Atapata wapi, mtu aliyefukuzwa kwa kusumbua wanawake?"

Mama alimtaka mtoto, akampakata, akamwambia binti yake aende nyumbani akamwangalie mume wake ale. Hakusema atafanya nini, kwa sababu hakujua. Kulikuwa na kiti kile, na jina lake likiitwa asubuhi. Akikubali kunyamaza, pengine wangempa pole na mkataba juu yake. Alichukia kwamba wazo hilo lilimpitia kichwani, akalala vibaya siku zote mpaka Ijumaa.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Bwana Eustace alikaa mezani, Bi Shamila kando yake. Leodgar alikuwa ameshafika. Nyamizi alipoingia tu, Leodgar aligeuza kiti chake akatazama ukuta, na Nyamizi akakaa karibu na mlango akautazama ukuta wa upande wa pili. Bi Shamila alishindwa kuvumilia. Alimwambia Leodgar kwamba hata sasa, mbele yao, anashindwa kumpa mama wa watu uso wake. Leodgar alikunja mikono mapajani. Shingo yake ilikuwa imekonda. Nyamizi aliiona kwa pembe ya jicho kabla hajaondoa jicho hilo.

"Mama, hapa uko salama," alisema Bi Shamila. "Sema alichokufanyia. Usimwogope."

Nyamizi alisimama. Alimfikiria mama yake, aliyekufa bila kuwahi kulitaja jina la mkwe hata mmoja kati ya wanne aliokuwa nao. Alimwomba samahani kimoyomoyo. Kisha akajikaza.

"Anaitwa Leodgar."

Leodgar alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakugeuka, lakini alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Leodgar ndiye aliyemuoa binti yangu," aliendelea Nyamizi, na sauti ilianza kupata miguu. "Ni mkwe wangu. Hajawahi kunisumbua hata kwa neno, maana hatujawahi kusemezana, na kwetu ndivyo inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbia. Nilipoingia hapa hakuwepo, alikuja baadaye, tukanyamaza wote wawili ili nisipoteze kazi. Tulikosea kunyamaza. Lakini Leodgar ni mtu mwema, amemtunza mwanangu na amenitunza mimi. Kama kuna wa kuondoka, niondoke mimi."

Alikaa. Alijisikia kama yeye ndiye aliyevuliwa nguo, na wala hakujuta.

Bi Shamila alibaki ameziba mdomo. Alikuwa akiyapanga upya yote aliyoyaona na kuambiwa, kukimbia, sahani nyuma ya ghala, jina lisilotoka, na kila kimoja kilikuwa kinaingia mahali pake. Alipoinuka alimwendea Leodgar.

"Nimekukosea, kaka, naomba unisamehe," alisema. "Ila nikiona tena kama nilivyoona, nitauliza tena."

Leodgar aliitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri aulize, kwa sababu siku nyingine itakuwa kweli.

Likabaki sharti. Bi Shamila mwenyewe, aliyelitunga, alikuwa wa kwanza kusema kwamba lilikusudiwa kuwazuia wanaopitishwa na ndugu zao, na huyu mama hakupitishwa na mtu. Bwana Eustace alifikiri kwa muda wake wa kawaida, ambao ni mrefu. Alisema kuingia kwake hakuna kasoro, lakini kubaki kwake ni jambo jingine. Atajuaje kama msimamizi hakuwa anambeba mama mkwe wake? Wafanyakazi wote wa mpango walishaambiwa na msimamizi wao, uso kwa uso, kazi zao zikoje. Amebaki huyu mmoja.

"Msimamizi," alisema, "mpe tathmini yake. Kama mfanyakazi. Na umwambie mwenyewe."

Bi Shamila alianza kumpinga, kwamba watu hawa wana mila zao na mtihani huo ni mkubwa mno. Nyamizi alimkatiza.

"Mwache aseme. Nimesubiri sana."

Ilichukua muda. Kiti kilikwaruza sakafu kidogo, kikasita, kikakwaruza tena, mpaka Leodgar akawa amemgeukia mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu amchumbie binti yake. Hakuthubutu kupandisha macho usoni. Aliyaweka kwenye mikono ya Nyamizi, mikono mipana ya kulima na kutwanga, iliyokuwa imetulia kwenye khanga. Nyamizi alijua kwamba neno moja zuri kutoka kwa mkwe huyu lingeweza kuwa ni upendeleo tu, na asingejua kamwe kama ni la kweli.

"Mama," alisema Leodgar. "Hujawahi kuchelewa. Meza yako ni safi kuliko zote mle ndani. Lakini vifuniko unakaza mno. Wateja wa Dar wanapiga simu, asali wanaiona, kuifikia hawawezi. Kila jioni mkishaondoka nabaki mimi nazilegeza ninazoziwahi, chupa moja moja, na mikono inaniuma."

Kisha Bwana Eustace akaanza kucheka, kicheko cha mtu mpole ambacho kikianza hakina breki, kwa sababu simu hizo zilikuwa zinampata yeye, na alikuwa ameshaandika barua ya kuwalalamikia waliowauzia vifuniko. Alipoweza kusema tena alisema msimamizi anayembeba mtu hamsemi hivyo. Leodgar arudi kazini leo. Nyamizi ataandikiwa mkataba, na kuanzia sasa kazi yake itapimwa na msimamizi wa chumba cha kuchujia. Bi Shamila alikubali, akafuta macho kwa ncha ya hijabu, akasema anakwenda kumwambia Demetria kabla hajalia tena.

Nyamizi hakuyasikia vizuri hayo ya mkataba. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Aliinua macho mpaka kwenye kifungo cha juu cha koti la mkwe wake, akaona hapo panatosha kwa leo.

"Nitalegeza, Leodgar," alisema. "Pole na mikono, mwanangu."